Tumefungwa: Nick Hornby, baba yangu na kidonda cha mpira

Kuna neno moja ambalo shabiki wa mpira hulisema bila kufikiri, na mimi nimelisema tangu nina miaka tisa: "Tumefungwa." Hebu litazame vizuri. Aliyelisema hakukosa penalti wala hakupitwa na winga. Pengine hata uwanjani hakwenda, alikuwa kibanda umiza amebanwa kwenye benchi na watu wanane. Lakini bado anasema tu-. Sisi. Na kitenzi chenyewe hakina huruma: kinachofungwa ni mlango, ni mzigo, ni mtu anayepelekwa jela.

Nimelifikiria neno hili wiki nzima kwa sababu nimerudia kusoma Fever Pitch, kitabu cha Mwingereza Nick Hornby kilichotoka mwaka 1992. Nakala yangu niliinunua Posta, Dar es Salaam, kwa wale jamaa wanaopanga vitabu vya mtumba chini kando ya barabara. Wengi hukisifu kama kitabu cha kuchekesha kuhusu mpira, na kweli kinachekesha. Lakini mimi nakisoma kama kitabu kuhusu kushindwa. Swali lake ni lile ambalo kila shabiki ameulizwa na mkewe, mumewe au bosi wake: sasa wewe inakuuma nini, kwani ulikuwa unacheza?

Hornby amekipanga kitabu kwa mechi. Kila sura ina jina la mchezo na tarehe yake, na maisha yake mwenyewe yanapita katikati, kama mtu anayekatiza uwanjani wakati wa mapumziko. Mechi ya kwanza ni ya Septemba 1968. Wazazi wake wametengana, na baba, ambaye hajui afanye nini na mtoto siku za wikiendi, anampeleka uwanja wa Highbury kutazama Arsenal na Stoke City. Arsenal wanashinda 1-0. Lakini kinachomshangaza mtoto si lile goli. Ni wanaume wazima waliomzunguka, wamelipa kiingilio kwa hela zao wenyewe, na hawafurahii hata kidogo. Wamekunja nyuso, wanalaani, wanateseka. Mtoto anawatazama, na hapo hapo ananasa.

Ukurasa ninaourudia zaidi unahusu Machi 15, 1969. Fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, Arsenal na Swindon Town, timu ya daraja la tatu. Ni mechi ambayo kila mtu alijua mshindi wake kabla haijaanza. Swindon wakashinda 3-1, magoli mawili ya Don Rogers yakiingia katika muda wa nyongeza, kwenye uwanja uliokuwa tope tupu. Hornby alikuwa na miaka kumi na moja. Anasimulia kwamba mwisho wa mchezo baba yake alisimama akawapigia makofi washindi, kama muungwana anavyopaswa kufanya. Yeye mtoto akakimbilia mlango wa kutokea. Baba akamfuata amekasirika, akamsomea somo la uanamichezo, kisha wakarudi nyumbani ndani ya gari bila kusemezana.

Ninaupenda ukurasa huo kwa sababu Hornby hamhukumu yeyote. Baba yuko sahihi: Swindon walicheza kwa moyo, na mpira ni mchezo. Mtoto naye yuko sahihi, ila hana maneno ya kujitetea. Baba aliweza kupiga makofi kwa sababu kwake waliofungwa walikuwa wao. Mtoto alikwisha vuka. Kwake waliofungwa ni sisi, na hakuna mtu anayempigia makofi aliyemfunga kamba.

Wanasaikolojia nao wamelichungulia jambo hili. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Timu ya chuo ikishinda Jumamosi, Jumatatu wengi zaidi walionekana wamevaa nguo zenye jina la chuo. Na walipoulizwa matokeo kwa simu, walioshinda walielekea kusema "sisi tumeshinda", walioshindwa wakaelekea kusema "wao wameshindwa". Ni utafiti mzuri, na kila mtu anawajua mashabiki wa namna hiyo. Kijiweni kwetu huwaoni mpaka timu iingie nusu fainali.

Ila utafiti huo unaeleza wanaokimbia. Hausemi neno juu ya wanaobaki, na Fever Pitch ni kitabu cha anayebaki. Msikilize shabiki wa kweli wa Simba au Yanga siku timu imemkera kabisa, anatukana kuanzia kipa hadi kocha. Atasema nini? "Wametuangusha." Hata akiwasukuma wachezaji upande wa wao, yeye mwenyewe anabaki katikati ya neno, ile -tu- haitoki. Wachezaji watahama, kocha atafukuzwa, viongozi watapigiana kura. Atakayekuwepo msimu ujao na miaka ishirini ijayo ni yeye. Ndiyo maana kipigo ni chake zaidi kuliko cha aliyekosa penalti. Mchezaji ana mkataba, na mkataba una mwisho.

Mimi nililielewa hili kwa baba yangu, ingawa ilinichukua miaka mingi kujua nimelielewa. Alikuwa fundi cherehani, Morogoro, mnazi wa Simba. Mwishoni mwa mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Mechi ya kwanza, kule kwao, ilikwisha 0-0. Ugenini! Basi tukajua kombe limekuja. Siku ya marudiano Dar es Salaam baba hakushona kitu, na hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu mwenye suruali za watu kwenye foleni. Alikaa na redio juu ya meza ya kukatia, mimi chini kwenye vitambaa. Stella wakafunga la kwanza. Wakafunga la pili. Baba akazima redio kabla mpira haujaisha, akanyoosha uzi, akaanza kushona. Alishona mpaka giza likaingia. Sikumuona akilia, na mimi sikuthubutu kulia mbele yake.

Nilipofika kwenye sura ya Swindon kwa mara ya kwanza, nilisimama nikazunguka chumba. Hapo ndipo Hornby anakuwa mwandishi mkubwa: anaonyesha kwamba mtoto hairithi timu kupitia ushindi. Ushindi humfurahisha kila mtu, hata mpita njia. Mtoto anarithi timu siku anapomuona mtu mzima anayemtegemea akiumizwa na kitu asichoweza kukizuia. Pale unajua kwamba jambo hili ni zito, na unataka kuwa ndani yake ili asiwe peke yake.

Lakini hapa nina ugomvi na Hornby. Kitabu chake ni cha mtu mpweke. Anaumia uwanjani katikati ya maelfu, kisha anarudi kuumia chumbani mwake. Waliomzunguka ni umati, mara chache sana ni watu. Watani wa shuleni wapo kama adhabu tu. Ukikisoma peke yake, utaamini kwamba uchungu wa shabiki ni ugonjwa wa mtu mmoja, wa kuchunguzwa na kuchekwa. Yeye mwenyewe anauita karibu hivyo, tangu kwenye jina la kitabu.

Nirudi Morogoro. Asubuhi baada ya kipigo kile cha Stella, mtu wa kwanza kufika dukani kwa baba alikuwa jirani yetu, Yanga wa kutupwa. Amevaa kanzu, amebeba suruali ya kupunguza na sura ya kufiwa. Akasimama mlangoni: "Hodi wenyewe. Nimekuja kuhani. Marehemu anazikwa saa ngapi?" Nikajua leo watapigana. Baba akamwangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaa, bwana, chai ipo." Yule mzee akakaa. Akamtania baba nusu saa nzima, dongo juu ya dongo. Nilipopita na maji nikawakuta wamehama, wanajadili taratibu namna ile safu ya ulinzi ilivyopitwa, kama ndugu wawili wanaozungumzia maradhi ya mtoto wao. Na ile suruali, baba akagundua baadaye, haikuhitaji kupunguzwa.

Mwandishi aliyeliona jambo hili ni Eduardo Galeano wa Uruguay, katika kitabu chake cha mpira kilichotoka 1995. Galeano anasimulia Julai 16, 1950, siku Uruguay ilipoifunga Brazil 2-1 ndani ya Maracanã na kulikausha taifa zima. Brazil walitangulia. Schiaffino akasawazisha, Ghiggia akafunga la pili, na kipa Barbosa akalibeba goli lile mpaka alipokufa mwaka 2000. Wengine wangeishia kwa Barbosa na machozi yake. Galeano anamfuata nahodha wa Uruguay, Obdulio Varela. Usiku ule Varela aliikimbia hoteli na sherehe, akazunguka kwenye baa za Rio, akanywa hadi asubuhi na wale wale aliowaliza.

Hapo ndipo Galeano anampita Hornby, tena kwa maneno machache tu. Anajua kwamba kipigo kinahitaji mtu wa kukaa nacho, na kwamba mara nyingine anayefaa zaidi ni yule wa upande wa pili, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ukubwa wa kilichopotea. Yule jirani aliweza kumtania baba kwa sababu alijua hasa panapouma. Asiyejali mpira angemwambia, "Achana nayo, ni mchezo tu." Hilo ndilo neno baya kuliko dongo lolote la mtani.

Wapo wanaokereka shabiki akiita kipigo "msiba". Wanasema tunalidharau neno lenye wafu wake. Hornby analikabili hilo bila kujificha. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa uwanjani Hillsborough. Mechi ya Liverpool na Arsenal ikasogezwa hadi Mei 26. Hornby anajiuliza mtu anawezaje kuujali mpira tena baada ya hapo. Kisha Mei 26 ikafika, Michael Thomas akafunga goli la pili dakika za mwisho kabisa, Arsenal wakawa mabingwa, na Hornby aliyekuwa mbele ya televisheni akapagawa kama kawaida. Haombi radhi, wala hajisifu. Anaziacha sura hizo mbili zikae karibu, na sisi tuvumilie. Mimi naona huo ni uaminifu. Shabiki hachanganyi kifo na kipigo. Anaazima tu lugha ya kifo, kwa kuwa ndiyo lugha pekee inayomruhusu mtu mzima aketi kimya na wenzake waje.

Baba alifariki mwaka 2016. Aliyewahi kufika ni yule yule jirani, na safari hii hakutania. Alikaa mkekani, akanishika mkono, akakaa vile hadi adhuhuri. Namna ile ya kukaa niliijua. Nilikwisha iona tangu 1993.

Jumapili ya Mei 25, 2025, Simba ilikuwa tena fainali, Kombe la Shirikisho, dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Ugenini tulikwisha lala 2-0. Marudiano yakachezwa Amaan, Zanzibar. Joshua Mutale akatupatia la mapema na nikaanza kufanya hesabu za kijinga. Mwishoni kabisa Berkane wakasawazisha. Sare, 1-1, kombe likaenda. Nikazima televisheni kabla ya wao kulinyanyua, nikajikuta natafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Mtu anaweza kusema: ahaa, kumbe unamlilia baba. Kuna wahakiki wanaomsoma Hornby hivyo, kwamba Arsenal ni koti tu alilomvisha baba aliyeondoka nyumbani. Mimi nakataa. Nilikuwa naililia Simba. Baba angecheka sana kusikia kwamba miaka yote ile alikuwa anaumia kwa sababu ya kitu kingine. Kama kipigo ni kivuli cha jambo zito zaidi, basi shabiki ni mtu asiyejijua, na kitabu kizuri kama Fever Pitch kingekuwa faili la hospitali. Nguvu yake ni kwamba kinashikilia vyote viwili: baba ni baba, Arsenal ni Arsenal, na siku ya Swindon vyote viliuma mahali pamoja.

Kisomeni, basi, hata wale msiojua ofsaidi ni nini. Vumilieni majina ya wachezaji wa zamani, na pale mwandishi anapojifungia chumbani na huzuni yake, mkumbukeni Varela kwenye baa za Rio.

Usiku ule wa Mei simu yangu iliita. Alikuwa mtoto wa yule jirani, Yanga kama babake. Akaanza, "Hodi wenyewe..." Nikamkatiza. Matokeo yalikuwa sare, lakini neno lililonitoka lilikuwa lile lile.

"Tumefungwa, bwana."

"Najua," akasema. "Nipo njiani nakuja."