Mnara Uliolazwa Chini

Serikali ikitaka kuogopwa hujenga kwenda juu. Ndivyo ilivyokusudiwa mjini Vancouver, Kanada: mnara wa ghorofa 55 kwa ajili ya serikali ya jimbo la British Columbia. Uchaguzi wa mwaka 1972 ukaleta watawala wengine, mpango ule ukatupwa, na msanifu majengo Arthur Erickson akaulaza mnara chini. Matokeo yake ni Robson Square, iliyotandazwa katikati ya mji: mahakama yenye paa la kioo lililoinama, ofisi za serikali zilizojishusha, na juu ya ofisi hizo bustani.

Bustani ni kazi ya Cornelia Oberlander, na huyo ndiye ninayemvulia kofia. Kupanda miti juu ya paa si sawa na kuipanda shambani. Udongo ukilowa huwa mzito, na zege lina kikomo chake. Maji yakituama, yatatafuta ufa hadi yadondoke kwenye meza za makarani. Oberlander alitumia udongo uliochanganywa uwe mwepesi, akachagua mimea ya kuvumilia maisha hayo. Kisha kuna maporomoko ya maji. Mgeni atayadhania mapambo, kumbe yamewekwa kazini: mvumo wake usiokatika unafunika ngurumo za magari, hata wawili walioketi karibu wakaongea bila kupaza sauti. Ukuta nao ungezuia kelele, lakini ungezuia na watu.

Ngazi nazo zina hadithi yake. Ni pana, na zimekatwa kwa njia ya mteremko inayokwenda mshazari, ili wa kiti cha magurudumu apite palepale wanapopita mawakili. Wazo hilo limeigwa sehemu nyingi. Mimi nalisifu nusu tu, maana mteremko ni mkali, na asiyeona hana cha kushika mkononi. Hapo uzuri wa mchoro ulimshinda mtumiaji.

Hata hivyo, tangu mahakama ifunguliwe mwaka 1979, watu hukaa pale bila kuulizwa shida yao. Kwetu, ukijiegesha kivulini kwenye uwanja wa wizara, mlinzi anakufuata kabla hujapangusa jasho. Wasanifu wa kuchora minara tunao. Basi kabla ramani haijapigwa muhuri, waulizwe: raia asiye na kesi wala fomu ya kujaza, mmemwekea wapi pa kukaa?