Namba Chini ya Kifuniko

Kalamu ya mpingo ikishatoka kwenye mashine ya kukerezea, ikapigwa msasa mpaka ule laini kabisa na kufutwa kwa nta, bado haijaisha. Imebaki kupewa namba, na namba hiyo kuingizwa daftarini. Ni kazi ya dakika chache, na wengi huiruka kwa kuwa mteja haioni. Fundi anayeifanya anastahili sifa, tena kubwa kuliko ile anayoipata kwa mng'aro wa mti.

Mpingo wenyewe haumsaidii. Kiini chake ni cheusi kinachoelekea zambarau, kizito kiasi cha kuzama majini, na keekee ikikimbizwa humo joto hukipasua kabla kibomba cha shaba hakijaingia. Chuma cha moto, ambacho kwenye mninga huacha alama safi, juu ya mti mweusi hakionyeshi kitu. Ukigonga namba kwa nyundo, pigo likizidi kidogo tu ukingo unabanduka. Ndiyo maana fundi mwangalifu huipeleka alama yake kwenye shaba: pete inayokaa kati ya mwili na kifuniko hugongwa namba kabla haijavishwa, ikiwa bado imelala juu ya chuma kinachobeba pigo. Asiyetaka pete huichora namba kwa sindano ndani ya mdomo wa kifuniko, kisha huijaza nta iliyochanganywa na chokaa. Kalamu ikifungwa, namba haionekani. Mwenye kalamu anajua ilipo.

Fundi wa Gongo la Mboto, mwenye kibanda katika mitaa iliyo nyuma ya Barabara ya Nyerere, hahitaji vifaa vya ajabu kwa kazi hii. Kauntabuku ya jalada gumu, ile wanayonunua wanafunzi, inatosha. Kila kalamu ina mstari wake: namba, tarehe iliyokamilika, gogo lilikotoka, muda ambao kipande kilikaa kikikauka, kipenyo cha kibomba, gundi, nibu, na aliyeichukua. Iliyopasuka nayo inaandikwa. Namba yake haihamishiwi kwa nyingine. Mbele yake panawekwa maneno “imepasuka wakati wa kutoboa”, na fundi anaendelea na inayofuata. Mistari hiyo ya hasara ndiyo yenye heshima kuliko yote, maana ndiyo itakayomfundisha, akirudi kuisoma, kwamba vipande vilivyoharakishwa kukauka ndivyo vilivyomwangusha.

Pwani yetu inaijua adabu hii tangu zamani. Watunzi wa tenzi walipofika mwisho walizoea kutaja jina lao, tarehe ya Hijria na idadi ya beti. Mwana Kupona binti Mshamu alifanya hivyo katika utendi aliomwachia binti yake, mwaka 1275 wa Hijria, yaani takriban 1858. Idadi ilikuwa kufuli: mnakili aliyeruka ubeti, au aliyechomeka wake, alijulikana kwa kuhesabu tu. Huko Lamu, Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtunzi, mnakili na mchonga milango kwa mkono ule ule. Alinakili tenzi kwa ajili ya wasomi wa Ulaya, akaweka jina lake na tarehe mwishoni, na kwa sababu hiyo watafiti wa leo wanaweza kuifuata kazi yake hatua kwa hatua.

Wachonga mpingo wa Dar es Salaam hawakupata bahati hiyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 mafundi wa Kimakonde, wengi wao wakiwa na asili ya Msumbiji, waliigeuza kabisa sanaa ya vinyago. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, na mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa miongoni mwa waliozinunua kazi hizo na kuwatia mafundi moyo. Majina hayo tunayo. Lakini vinyago vingi mno vya kizazi hicho viliondoka nchini bila jina chini ya kitako, na sasa vimesimama katika makabati ya ughaibuni na kibandiko kinachosema “Makonde” basi, kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja. Inauma. Kwingineko mambo yalikwenda tofauti: Japani, mwaka 1931, mafundi waliokuwa wakipamba kalamu za kampuni ya Namiki kwa unga wa dhahabu waliunda kundi la Kokkokai chini ya Gonroku Matsuda, na kalamu zao zikatiwa saini. Wanunuzi wa leo bado huitafuta saini hiyo.

Namba ya kalamu ina ndugu yake msituni. Gogo halali hupimwa, hugongwa nyundo yenye alama, na husafiri na hati. Utaratibu huo ulipolegea, kusini mwa Tanzania kulionekana matokeo yake: baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, magogo yalimiminika, na ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyopaswa kukusanywa yalipotea. Halafu mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi huko Kilwa, vikisaidiwa na shirika la MCDI, viliingia katika cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Kipande cha kalamu hakizidi sana sentimita 13, na huweza kutoka kwenye mabaki ya gogo lililokatwa kwa ajili ya klarineti, kwa hiyo ni rahisi asili yake ikasahaulika. Fundi anayenakili namba ya hati ya gogo daftarini mwake anaifikisha kazi ya wanakijiji wale hadi mezani kwa mwandishi.

Nakala ya pili ya daftari hilo ni ya lazima. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya ghala la jeshi Gongo la Mboto yalipolipuka, watu walikufa, na maelfu walikimbia nyumba zao na kuacha kila kitu. Picha za kurasa zilizohifadhiwa kwenye simu ya ndugu wa mtaa mwingine hazina gharama.

Siku kalamu itakaporudi ikiwa na ufa, fundi, au mwanafunzi wake, atasoma namba na kufungua ukurasa: kibomba cha milimita 7, gundi ya epoksi, mpingo wa Kilwa uliokaushwa mwaka mzima. Hatabahatisha kipenyo, wala hatauchoma mti akitafuta joto la kulegeza gundi. Akimaliza ataongeza mstari chini ya ule wa kwanza: tarehe, kilichorekebishwa, na jina la aliyerekebisha.