Huzuni na Sitara katika Filamu ya Umberto D.

Watu wengi hupima huzuni ya picha ya sinema kwa wingi wa machozi yaliyowatoka. Kipimo hicho hakitoshi. Machozi hutoka hata kwa moshi wa kuni. Ziko picha ambazo mtazamaji hutoka nazo akiwa na uzito moyoni tu, wala haongezi imani yoyote kwa binadamu wenzake. Nyingine zaonyesha msiba ulio sawa na huo, au uliozidi, lakini humwachia huruma iliyo hai. Tofauti yao yatoka wapi? Jawabu moja lapatikana katika Umberto D., filamu ya Kiitalia iliyoongozwa na Vittorio De Sica, ikatolewa mwaka 1952.

Kisa chake ni chepesi. Mzee Umberto, mtumishi wa serikali aliyestaafu, anakaa Roma katika chumba cha kupanga pamoja na mbwa wake, Flike. Pensheni yake haimtoshi. Anadaiwa kodi ya lira 15,000, na mwenye nyumba ataka kumtoa. Auza saa yake, kisha vitabu vyake, na deni lisiishe. Aliyeigiza mzee huyo, Carlo Battisti, hakuwa mwigizaji kwa kazi. Alikuwa profesa wa elimu ya lugha huko Florence.

Kiini cha filamu ki katika tendo moja dogo. Mzee asimama karibu na jengo la kale la Pantheon, ajaribu kuomba. Anyosha mkono, lakini mpita njia anapotaka kumpa kitu, mzee augeuza mkono, kiganja chini, kana kwamba alikuwa akitazama kama mvua inanyesha. Kisha ampa mbwa kofia aishike kwa meno, naye ajificha. Mara apita mtu anayemjua. Mzee atoka mafichoni upesi, ajifanya kuwa mbwa anacheza tu.

Waswahili jambo hili twaliita kujisitiri. Mtu aweza kukosa chakula asikose sitara. De Sica hakumvua mzee wake sitara hiyo, wala hakumwombea kwetu; mzee mwenyewe akataa kuombewa, nasi twamhurumia kwa kukataa kwake. Picha inayotia unyonge mtupu hufanya kinyume. Humgeuza mwenye dhiki kuwa gunia la kupokea mapigo, lisilo na neno la kuchagua wala kitu cha kulinda. Mtazamaji hulihesabu pigo baada ya pigo, hata akachoka.

Mwaka 1952 Giulio Andreotti, aliyesimamia mambo ya sinema katika serikali ya Italia, aliishutumu filamu hii gazetini kuwa yaitumikia nchi yake vibaya. Shutuma hiyo yachanganya sitara mbili. Mtu ana haki ya kuficha dhiki yake. Serikali haina haki ya kuficha dhiki ya raia zake, kwani mficha maradhi kilio humfichua. Filamu hii yaifichua dhiki na kumsitiri mwenye dhiki, na hiyo ndiyo adabu yake.

Haikosi dosari. Muziki wa Alessandro Cicognini mara nyingine hulia kabla ya mtazamaji, kama mliaji wa kukodiwa matangani, mahali ambapo kimya kingefaa zaidi.

Lakini mwisho wake wasamehe mengi. Mzee ambeba Flike mpaka kwenye reli, akikusudia wafe pamoja. Mbwa aogopa, achopoka, akimbia. Na gari la moshi likiisha kupita hataki tena kumkaribia bwana wake. Ndipo mzee aliyetaka kufa alazimika kumbembeleza kwa tunda kavu la msonobari, mpaka wakacheza tena. Hapana haja msomaji awe mpenda mbwa ili aguswe na jambo hili. Deni halijalipwa, wala chumba hakikupatikana. Kilichopatikana ni imani, nalo ni neno ambalo katika lugha yetu lina maana ya kuamini na ya kuhurumia pia. Mbwa amemwamini mzee tena, na mzee amemhurumia. Filamu isiyotuachia hata kiasi hicho imetuonyesha msiba tu, haijatuonyesha mtu.