Presha Imeshuka. Na Mgonjwa Je?

Ukisoma majaribio ya dawa za kushusha presha kwa njia ya mshipa, utagundua jambo la ajabu. Karibu yote yanakueleza mashine ilisoma ngapi. Machache sana yanakueleza kama mgonjwa alirudi nyumbani.

Kwanza tuelewane kuhusu dharura yenyewe. Presha kupita 180/120 peke yake haitoshi. Inakuwa dharura pale kiungo kinapoharibika muda huo huo: ubongo unavimba au unavuja damu, moyo unaelemewa mpaka maji yanajaa mapafuni, figo zinagoma, au aota inachanika. Mtu mwenye 200/120 ambaye daktari amempima na hakuona kiungo kilichoumia, kwa kawaida anahitaji vidonge na ufuatiliaji wa karibu, si dripu.

Kwenye dharura halisi ndipo zinapoingia dawa za kutanua mishipa. Nguvu yake unaweza kuipigia hesabu mwenyewe. Ukinzani wa mshipa hubadilika kinyume na kipeo cha nne cha nusu kipenyo chake. Mshipa ukitanuka kwa asilimia 20 tu, ukinzani unashuka hadi chini ya nusu! Sodiamu nitroprusaidi hufanya kazi hiyo karibu papo hapo kwa kutoa nitriki oksaidi, na ukifunga dripu, presha inapanda tena ndani ya dakika chache. Lakini kila molekuli yake imebeba sayanidi tano, kwa hiyo dozi kubwa kwa muda mrefu inaweza kumpa mgonjwa sumu.

Basi si tuishushe haraka tu tumalize kazi? Hapana. Ubongo wa mtu aliyeishi na presha kwa miaka mingi umeshaizoea. Mishipa yake imejipanga kulinda mtiririko wa damu katika presha ya juu, na ukiiporomosha ghafla hadi 120/80, namba ambayo kwako wewe ni nzuri kabisa, ubongo huo unaweza kukosa damu ya kutosha. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi mwongozo unasema usipunguze zaidi ya robo katika saa la kwanza. Aota iliyochanika ni habari nyingine: hapo presha hushushwa haraka, na dawa ya kutuliza mapigo ya moyo hutangulia, kwa sababu kutanua mishipa peke yake huufanya moyo ukimbie.

Somo hili lilishalipiwa kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi kapsuli za nifedipini ziliwekwa chini ya ulimi ili presha ishuke chapchap, na kweli ilishuka. Mwaka 1996 Grossman na wenzake waliandika katika jarida la JAMA wakitaka mtindo huo usitishwe, kwa sababu kulikuwa na taarifa za viharusi, mshtuko wa moyo na vifo. Kwa kipimo cha mashine dawa ile ilikuwa imefaulu.

Ungetegemea baada ya hapo watafiti wabadilishe swali. Tazama basi mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008. Perez na Musini walikusanya majaribio 15 yenye wagonjwa 869, ya dawa za makundi mbalimbali. Walichoweza kusema ni kwamba dawa zinashusha presha. Kama zinapunguza vifo, au ipi inazidi nyingine kwa hilo, ushahidi haukutosha kusema.

Halafu likaja jaribio la CLUE, lililochapishwa mwaka 2011, likilinganisha nikadipini na labetaloli kwa wagonjwa 226 nchini Marekani. Waliofikia lengo ndani ya dakika 30 walikuwa asilimia 91.7 kwa nikadipini na 82.5 kwa labetaloli. Ni kazi nadhifu, sina ugomvi na hesabu zake. Ugomvi wangu ni na lengo: bado ni namba ya mashine, tena ya nusu saa ya kwanza.

Tuwatendee haki watafiti. Mgonjwa anayedegedega hawezi kusoma fomu ya ridhaa, na kumnyima dawa ili awe wa kulinganishwa haikubaliki. Kupima vifo pia kunahitaji wagonjwa wengi sana. Lakini kulinganisha dawa mbili zinazotumika tayari, na kumfuatilia mgonjwa kwa siku 30 kuona kama yuko hai, anaongea na figo zake zinafanya kazi, inawezekana.

Na jambo hili linatugusa. Katika wodi za wazazi Afrika Mashariki, haidralazini ya sindano ni dawa ya kawaida kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Huchukua takriban dakika 10 hadi 20 kuanza kazi, na ni vigumu kutabiri itashusha kiasi gani. Muuguzi akiongeza dozi mapema mno, presha inaweza kuporomoka, na mtoto tumboni akakosa damu. Hapo huhitaji kujua tu kama dawa inashusha presha. Unahitaji kujua mama na mtoto walitoka salama.

Kwa hiyo ukikutana na makala inayosema dawa fulani ya presha "imefanikiwa", nenda moja kwa moja kwenye jedwali la matokeo. Ukikuta milimita za zebaki peke yake, uliza wagonjwa waliishia wapi.