Flo tunamjua, Hilali je?

Chuoni nilisoma kozi mbili za saikolojia. Tulimeza Pavlov na mbwa wake, Skinner na njiwa wake, yote kwa Kiingereza. Gombe, iliyo hapa hapa nchini, mwendo wa boti tu kutoka Kibirizi pale Kigoma, haikutajwa hata siku moja. Ndiyo maana nasema Through a Window, kitabu cha Jane Goodall cha mwaka 1990, kingefaa kiwe mikononi mwa kila anayesomea tabia za viumbe, binadamu akiwemo. Ila kisomwe kwa jicho kali.

Utamu wake ni majina. Goodall alifika Gombe Julai 1960 bila shahada yoyote. Alipokwenda Cambridge kusomea udaktari, wakubwa wa fani walimwambia amekosea: sokwe hupewa namba, hapewi jina. Hakukubali. Leo msomaji anamjua Flo, mama mwenye pua nene na masikio yaliyochanika, na anamwona mwanawe Flint akidhoofika hadi kufa wiki chache baada ya mama yake, mwaka 1972. Hakuna jedwali ambalo lingenionyesha huzuni ya mtoto namna ile. Flo mwenyewe alipata tanzia kwenye gazeti la Sunday Times la London. Sokwe wa Kigoma, jamani!

Sasa njoo kwenye vita. Januari 1974 madume wa kundi la Kasakela walimvamia Godi, wa kundi la Kahama lililokuwa limejitenga nao. Aliyeshuhudia ni Hilali Matama, Mtanzania. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa usiku, wakateka wanafunzi wanne, na baada ya hapo wanafunzi wa kigeni wakaondoka. Waliobaki wakifuata sokwe na kalamu mkononi ni kina Hilali, Hamisi Mkono na Eslom Mpongo. Bila wao, habari za vita ile zingekatikia njiani.

Goodall hafichi hilo, anawashukuru. Lakini kushukuriwa si kuwa mhusika. Najua Flo alivyocheza na wanawe. Sijui Hilali alirudije nyumbani jioni ile, wala alimweleza nani. Mwandishi aliyegoma kuwapa sokwe namba amewaacha wenzake wa kazi karibu wawe orodha tu.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Watu hawa waliandika kwa Kiswahili. Waliyoyaona msituni siku hadi siku yaliingia daftarini kwa Kiswahili kwanza, ndipo yakatafsiriwa kwa Kiingereza wasomi wayatumie. Sisi vyuoni bado tunabishana kama lugha hii inaweza kubeba sayansi ya tabia. Imeshaibeba, tena milimani, kwenye mvua na miiba.

Natamani kuyasoma maandishi yale kama yalivyo. Sokwe akinuna, waliandikaje? Akimbembeleza mwenzake baada ya ugomvi je? Mhariri anayetafuta kitabu cha kuchapisha, apande boti Kibirizi.