Maneno ya Tiba ya Misheni katika Karagwe na Kyerwa

Mgonjwa wa Karagwe apelekwaye hospitali hupita katika lugha tatu kabla ya kupata dawa. Nyumbani husema maumivu yake kwa Kinyambo. Dirishani huulizwa kwa Kiswahili. Na yale aliyoyasema huandikwa katika cheti chake kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyo Nyakahanga, hospitali ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na ndivyo ilivyo Isingiro, hospitali ya Wakatoliki iliyomo katika Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wema wa kazi itendwayo humo hauhitaji kutetewa hapa. Lakini wema haumwondolei mtu wajibu wa kupima maneno yake, na yapo maneno katika Kiswahili cha misheni za tiba ambayo hayajapimwa.

Yafaa kuanza na jina la mahali penyewe. Kinyankole, ndugu wa karibu wa Kinyambo, huiita hospitali irwariro, yaani mahali pa kuugulia, kutokana na kitenzi okurwara ambacho Wanyambo nao wanacho. Jina hili halimwahidi mtu uponyaji. Lasema tu kwamba hapa ndipo mtu aumwapo akiwa mikononi mwa watu. Kiswahili kina hazina ya namna hiyo katika ugua na uguza. Muuguzi, kabla hajavaa sare, alikuwa ndugu aliyekesha na mgonjwa wake, na hata leo katika hospitali za vijijini nusu ya uuguzi ni wa mama, shangazi na dada waliokuja na sufuria na mkeka. Tena kazi hiyo haikuletwa na wageni. James Augustus Grant, mwenzi wa Speke, alipolemewa na ugonjwa wa mguu mwaka 1861, aliachwa katika Karagwe ya Mfalme Rumanika akauguzwa huko miezi kadhaa, hali mwenziwe akiendelea na safari ya Buganda. Mzungu alikuwa mgonjwa wa Karagwe kabla Mnyambo hajawa mgonjwa wa misheni. White Fathers walifika pande za Bukoba mwaka 1892, na Walutheri wa Bethel mwaka 1910.

Neno mganga lina historia yenye kejeli. Makanisa yaliukemea uganga kwa muda mrefu, na wafasiri wa Biblia ya Union walimpa Luka jina la tabibu, neno la Kiarabu lisilonuka hirizi wala ramli. Serikali nayo ikalitwaa lile lile lililokemewa: Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mganga Mfawidhi. Kwa hiyo mkuu wa hospitali ya kanisa huweza kuwa mganga kwa cheo, na Jumapili akasikia waganga wakilaaniwa mimbarani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imemrudishia heshima mganga wa kale, ila haikuwapatanisha wawili hawa walioitwa kwa jina moja. Tabibu limebaki la vitabuni, na hilo ni hasara.

Hospitali teule halina madhara makubwa. Ni jina la mapatano: pale serikali isipokuwa na hospitali yake ya wilaya, ile ya kanisa huteuliwa kufanya kazi hiyo na kupata ruzuku. Hata hivyo, kwa masikio ya waumini, teule ni neno la wateule wa Mungu, na pengine waliolichagua hawakuchukizwa na mwangwi huo.

Lenye madhara ni msamaha. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, maskini asiyeweza kulipa ameitwa mtu wa kupewa msamaha, na hospitali za misheni zimelipokea neno hilo bila swali. Msamaha hutolewa kwa aliyekosa. Bibi wa Kaisho apandaye dirishani na barua ya mtendaji wa kijiji, iliyogongwa muhuri kuthibitisha umaskini wake, amekosa nini? Atakayejibu kwamba upo msamaha wa kodi, nao haumtii mtu aibuni, atakuwa amesema kweli ya kamusi tu. Mfanyabiashara huupokea msamaha wake ofisini, karatasi kwa karatasi. Bibi huupokea mbele ya foleni ya majirani. Tena kanisa, ambalo msamaha ni neno lake la kila ibada, lilipaswa kuwa la kwanza kuliona kosa hili. Kusema kwamba mtu ana haki ya kutibiwa bila malipo si kurefusha lugha bure. Ni kumwondolea mgonjwa hatia ambayo hakuna hakimu aliyemhukumu nayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ingekuwa nafasi njema ya kulistaafisha neno hili.

Katika taarifa za misheni sarufi nayo yashuhudia. Maskini hufikiwa, huhudumiwa, hupewa, huombewa. Ni nadra kumkuta akitenda, hata pale alipotembea tangu alfajiri kutoka mpakani kuja kliniki. Kauli ya kutendwa si kosa, lakini ikidumu kurasa kumi, msomaji aliye mbali mwenye kutoa fedha hujifunza kwamba watendaji wote ni wageni. Mlengwa ni mtoto wa kauli hiyo: kwa asili yake ni aliyeelekezewa mshale. Ugonjwa wa UKIMWI, uliogunduliwa katika Kagera mwaka 1983 na kupewa huko jina la Juliana kutokana na nguo za wachuuzi, ulileta neno jingine, mteja, likamgeuza mgonjwa kuwa mnunuzi wa dawa asizonunua. Wenye ugonjwa wenyewe hawakuridhika na waathirika, wakataka waitwe watu wanaoishi na virusi. Jina ni refu, na waandishi wavivu hulikwepa. Lakini kitenzi chake ni kuishi, na mtendaji wake ni mgonjwa.