Kamera Ipimwe Chome

Chome ni mahali pagumu kwa kamera. Ukitoka tambarare ya Same, ambako jua huwaka juu ya vumbi na miti ya miiba, ukapanda Upare ya Kusini hadi vijiji vilivyo chini ya kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, mwanga hubadilika tabia. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msituni, ukafunika migomba, nyumba za matofali ya kuchoma na njia za udongo mwekundu. Jua likipasua, kila kitu hung'aa kwa muda mfupi, kisha wingu hurudi. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, chini ya miti mirefu ya kamfa, hata saa sita mchana kuna kiza. Na jikoni, ambako bibi ameinamia chungu cha makande, mwanga wote hutoka sehemu mbili: moto ulio katikati ya mafiga, na mlango ulio wazi.

Nausifu ufundi wa mtu anayeweza kuitoa picha ya filamu ndani ya jiko hilo. Namaanisha picha ambamo uso wa bibi unaonekana na mikunjo yake yote, moto umebaki na wekundu wake, moshi unapanda taratibu, na nje ya mlango migomba haijamezwa na weupe. Mtazamaji hatajua kwamba ameonyeshwa jambo gumu. Atamwona bibi tu, na ndivyo inavyotakiwa. Ila ufundi huu unategemea vyombo, na vyombo hivyo huundwa mbali, vikazinduliwa kwenye maonyesho makubwa ya biashara ambako watu wa milimani hawafiki. Ndiyo maana sifa zangu kwa fundi zinanilazimu kuvizungumzia vyombo pia, na kuwazungumzia wanaokuwapo vinapozaliwa.

Vifaa vipya vya filamu si wageni katika ukanda huu. Mwaka 1935, ng'ambo ya bonde la Mkomazi, kwenye milima jirani ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri. Waliouendesha ni Meja L. A. Notcutt na Geoffrey Latham, na fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani. Kufikia mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, nyingi zikiwa za mafundisho ya afya, kilimo na ufugaji, na kuzizungusha kwa lori ndani ya Tanganyika na nchi za jirani. Vifaa vyao vilikuwa vya kisasa kwa siku hizo: kamera za milimita 16, na sauti iliyorekodiwa kwenye sahani za santuri ili ichezwe sambamba na picha. Waafrika waliigiza na kufanya kazi ndani ya mradi, lakini uamuzi wa nini kionekane, na kionekane namna gani, haukuwa wao.

Baadaye vifaa vilihamia mikono mingine bila kuwa rahisi. Mwaka 1952 ilitoka filamu ya Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968, ikatoa Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970. Katika miaka yote hiyo filamu ilikuwa kitu cha serikali na makampuni, kwa sababu moja kubwa: gharama. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 400 huisha kwa dakika 11 hivi, kisha lazima usafishwe maabara kabla hujajua ulichopata. Isitoshe, mikanda ya zamani ilikuwa na njaa ya mwanga. Ilimtaka mtu atoke nje, asimame juani, afanye ugani yale ambayo kwa kawaida huyafanya ndani. Maisha ya jikoni, ya jioni na ya mvua yalipungua katika filamu kwa sababu chombo hakikuweza kuyaona.

Kulikuwa na tatizo jingine, zito zaidi. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi za Marekani zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Ngozi yake ilipotoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyeusi ikaachiwa bahati: macho na meno yanaonekana, uso uliobaki unazama. Jean-Luc Godard, mwongozaji wa Ufaransa, alipofanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, aliikataa filamu ya Kodak akiilaumu kwa ubaguzi. Lorna Roth, mtafiti wa Canada aliyewahoji watu wa Kodak, amebainisha kwamba msukumo mkubwa wa kurekebisha jambo hilo ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba rangi za hudhurungi za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Wenye chokoleti walisikilizwa kwa kuwa walikuwa wateja wakubwa waliofika mezani na shida yao. Wenye nyuso hawakuwapo mezani.

Kisha ikaja dijitali. Kamera ndogo za kanda za DV, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, ziliwapa vijana wa Dar es Salaam kitu ambacho hawakuwahi kukishika. Mwaka 2003 filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, ilifungua njia ambayo Steven Kanumba na wenzake waliipanua hadi Bongo Movie ikawa burudani ya kila mtaa. Kamera zile zilikuwa na kihisi kidogo sana, yaani kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga, hivyo nazo zilidai mwanga mwingi. Hata hivyo zilivunja ukuta wa kwanza: bei.

Ukuta wa pili, ule wa giza, ulivunjwa hatua kwa hatua, na tarehe zake ziko kwenye kalenda ya maonyesho. Aprili 2006, katika maonyesho ya NAB ya Las Vegas, kampuni ya RED ilipokea amana za wateja kwa ajili ya kamera ya sinema ambayo ilikuwa bado haijakamilika. Septemba 2008 Canon ilipeleka Photokina, jijini Cologne, kamera ya picha za mnato iitwayo 5D Mark II, iliyoweza pia kurekodi video kwa kihisi chenye ukubwa wa milimita 36 kwa 24, kikubwa mara nyingi kuliko vya kamera za DV. Aprili 2014, tena Las Vegas, Sony ilionyesha A7S. Wakati wengine wakishindana kuongeza megapikseli, kamera hii ilibaki na 12 tu, ili kila moja iwe kubwa na ikusanye mwanga zaidi. Mwaka 2018 Blackmagic ilikwenda kwenye maonyesho hayohayo na kamera ndogo ya sinema ya 4K kwa dola 1,295. Kampuni hiyo pia hutoa bure toleo moja la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kusahihisha rangi. Mashine za kazi hiyo zamani ziliwezwa na studio kubwa pekee.

Anayetaka kujua maana ya mabadiliko hayo akaitazame ndiva. Hiyo ni hodhi wanayochimba Wapare kwenye mteremko: jioni tundu lake huzibwa, maji ya kijito yakajikusanya usiku kucha, asubuhi likazibuliwa ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Kihisi cha kamera ni mamilioni ya ndiva za mwanga. Kila moja huzibwa, ikakusanya kwa muda wa karibu moja ya hamsini ya sekunde, ikazibuliwa na kilichomo kikahesabiwa. Ikijaa hufurika, na kilichofurika hakihesabiki. Ndiyo sababu mlango wa jiko huweza kugeuka doa jeupe lisilo na migomba wala ukungu. Ikipata matone machache, hesabu yake huchanganyika na tope. Ndizo chengachenga zinazorukaruka kwenye kiza cha picha. Ndiva kubwa hupokea kingi kabla ya kufurika, na tope lake huonekana dogo mbele ya maji yaliyomo. Hiyo ndiyo siri ya megapikseli 12.

Lakini ndiva haijiendeshi. Ina mwenye kuilinda, anayejua msimu na anayejua ni shamba la nani lenye kiu. Hapo ndipo fundi anapoingia, na hapo ndipo sifa zangu zinapomwelekea yeye kuliko mashine. Mpiga picha mzuri akiingia jikoni huutazama mwanga kabla ya kugusa kamera. Huuliza mlango uko upande gani, moto una nguvu gani, moshi unaelekea wapi. Hamwamuru bibi ahame. Yeye ndiye anayehama, hadi apate pembe ambapo mwanga wa mlango unapita juu ya shavu na kuacha mng'ao. Ngozi nyeusi huchongeka vizuri kwa mng'ao, na kuimwagia taa kali huifuta. Kisha hufunga tundu la lenzi kiasi cha kuokoa migomba ya nje bila kuupoteza uso ulio ndani, akijua kwamba kivuli kinaweza kuinuliwa baadaye katika kusahihisha rangi, lakini weupe uliofurika haurudi kwa programu yoyote.

Chome inamfundisha pia subira, na kwa njia ya vitendo kabisa. Lenzi iliyotoka kwenye baridi ya ukungu ikiingia katika joto la jikoni hushika unyevu papo hapo, na kuifuta hakusaidii mpaka ipate joto. Basi fundi huiweka kamera kando na kuketi. Hapo ndipo shikamoo inapojibiwa kwa utulivu, habari za shamba na za watoto waliko mjini zikaulizwa, kikombe cha chai kikapokelewa, na ruhusa ikaombwa inavyostahili. Lenzi ikiwa tayari, bibi naye amekuwa tayari. Hatazami tena kioo kile kama jicho la mgeni. Nimeona wapiga picha hodari wakiuthamini muda huo kuliko taa zote walizobeba, na sura za watu kwenye filamu zao zinashuhudia.

Huko Las Vegas, au Amsterdam ambako maonyesho ya IBC hufanyika kila Septemba, kamera mpya huwekwa juu ya stendi mbele ya jukwaa lililopangwa taa kwa umakini. Kuna maua, vitambaa vya rangi, na mwanamitindo asiyechoka. Siyadharau maonyesho hayo. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika biashara hii hata kizuri hujitembeza, na wahandisi waliokiunda husimama palepale bandani wakimsikiliza kila anayeuliza. Mpiga picha wa harusi akilalamika kwamba kitufe kiko mahali pabaya, toleo lijalo kitufe kinaweza kuhamishwa. Chombo huendelea kuumbwa na maswali ya waliofika.

Basi ni nani anayeuliza swali la Chome? Ni nani anayemwambia mhandisi: nionyeshe uso mweusi wa mtu mzima, kwa mwanga wa kuni, mlango ukiwa wazi nyuma yake na ukungu ukiwa nje? Nionyeshe kandege ka Shengena, kale kenye duara jeupe kuzunguka jicho na kasikoishi popote duniani nje ya Upare ya Kusini, kakiruka kati ya majani yenye kiza. Niambie betri yako inadumu saa ngapi kwenye baridi, mahali ambapo umeme ukikatika hakuna duka la jirani. Haya ni maswali ya kiufundi, na kamera inayoyajibu itafaa pia Andes na Himalaya.

Hatuanzi mikono mitupu. Zanzibar ina tamasha la ZIFF tangu mwaka 1998, Nairobi ina soko la filamu la Kalasha, Dubai ina maonyesho ya CABSAT, na Dar es Salaam ina uwanja wa Saba Saba ambao kila mwaka hujaa mabanda ya kila aina ya mashine. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilifika Toronto mwaka 2021, ikadhihirisha kwamba picha yetu inaweza kusimama popote. Kinachobaki ni kuwapeleka mafundi mahali ambapo vyombo huamuliwa, na kuvileta vyombo mahali ambapo mafundi huzaliwa. Bodi ya Filamu Tanzania na chuo cha TaSUBa cha Bagamoyo zinaweza kuwashawishi wauzaji wa kamera wapande mlimani na vifaa vyao, ili mwanafunzi wa sekondari ya Same aishike kamera, aijaribu jikoni kwa bibi yake, kisha aseme kwa uhakika ilipomfaa na ilipomwangusha. Na ujumbe wetu unaokwenda nje ubebe picha hizo kwenye kadi, uziweke mezani mbele ya waundaji, udai majibu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Tuliona hivyo katika kadi za Shirley: rangi ya chokoleti ilipata mtetezi kabla ya uso wa mtu. Vyombo vya leo vina uwezo wa kutuona kuliko vyote vilivyotangulia, na tunavipokea kwa furaha ya haki. Lakini uwezo huo utakua kwa kadiri mafundi wetu watakavyoujua mwanga wao wenyewe na kuusemea mbele ya wahandisi. Anayeujua mwanga wa jiko la Chome ana ujuzi ambao Las Vegas haina, na unastahili kulipiwa, kufundishwa na kusikilizwa.